Kuingilia, Kuathiri na Kuhawilisha: Uchunguzi wa Istilahi za Mgusano wa Lugha kwa Kurejelea Kiswahili cha Ukanda wa Masumbwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana za neno la Kiingereza "interference" na istilahi za Kiswahili zinazotumika badala yake katika taaluma ya isimu, hususan uingiliaji, mwingiliano, athari na uhamishaji. Inaonyeshwa kwamba istilahi hizo hutumiwa kana kwamba ni visawe, ilhali kila moja imebeba maana yake ya kimofolojia na ya kimazoea, na maana hiyo hutangulia kutoa hukumu kabla data haijachunguzwa. Hoja hii inapimwa kwa mifano ya Kiswahili kinachozungumzwa katika ukanda wa Masumbwe, eneo la Kisumbwa, Kisukuma na machimbo ya dhahabu. Mwishoni unapendekezwa mgawanyo wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika shule za sekondari za Tanzania hufundishwa mapema kwamba mojawapo ya sababu za makosa katika matumizi ya lugha ni "athari za lugha mama". Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa maswali. Hata hivyo, msomaji anayefuatilia maandishi ya wanaisimu hukuta jambo lilo hilo likiitwa mahali pengine uingiliaji, mahali pengine mwingiliano wa lugha, na kwingineko uhamishaji au uhawilishaji. Mara nyingine istilahi mbili au tatu hutumika katika ukurasa mmoja bila kutofautishwa.

Tatizo hili ni zaidi ya suala la unadhifu wa maneno. Istilahi ndiyo inayomwambia mtafiti atafute nini, na ndiyo inayompa mwalimu sababu ya kuweka alama ya kosa. Ikiwa istilahi yenyewe imekwisha kuamua kwamba lugha ya kwanza ni chanzo cha madhara, basi kila sauti, neno au kiambishi kisichofanana na usanifu kitahesabiwa kuwa madhara, na mtoto wa Masumbwe ataingia darasani akiwa tayari ni mgonjwa wa lugha. Kwa hiyo ni muhimu kuzichunguza istilahi zenyewe kwanza, kisha kuzipima kwa usemi halisi wa mahali mahsusi.

2.0 Neno na Mnyambuliko Wake

2.1 Asili ya neno la Kiingereza

Neno "interference" limetokana na kitenzi kilichoingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, chenye maana ya kupigana au kugongana. Mzizi wake wa Kilatini unaunganisha dhana mbili: "kati ya" na "kupiga". Miongoni mwa matumizi yake ya awali katika Kiingereza ni lile lililohusu farasi ambaye, akitembea, hugonga mguu wake mmoja kwa mwingine. Dhana ya msingi, basi, ni ya vitu viwili vilivyo katika mwendo ambavyo vinagusana pasipotakiwa.

Kutokana na dhana hiyo neno lilienea katika taaluma mbalimbali. Katika fizikia, tangu majaribio ya Thomas Young mwanzoni mwa karne ya 19, limetumika kwa mawimbi mawili yanayokutana, ambapo huweza kuongezeana nguvu au kupunguzana. Ni vema kukumbuka jambo hilo, kwa kuwa katika fizikia tukio hili si lazima liwe hasara. Katika saikolojia neno lilitumika kwa kumbukumbu moja inayozuia nyingine. Katika siasa lilikuja kumaanisha dola moja kujitia katika mambo ya dola nyingine. Isimu ililipokea neno likiwa tayari limebeba vivuli hivi vyote.

2.2 Kitenzi -ingilia

Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Kitenzi chake cha msingi ni ingia, ambacho hueleza mwendo wa kutoka nje kwenda ndani. Kwa kupachikwa kiambishi cha kutendea tunapata ingilia. Kwa kutendwa, ingiliwa. Kwa kutendana, ingiliana. Na kwa kusababisha, ingiza. Nomino zinazozalika ni pamoja na mwingilio, uingiliaji, mwingiliano na uingizaji. Tofauti na neno la Kiingereza, picha iliyomo humu inahusu mpaka unaovukwa: kuna ndani, kuna nje, na kuna mwenye mahali. Mgongano haumo katika picha hiyo.

Kauli ya kutendea ndiyo inayoleta uzito wa maana. Anayeingia nyumbani ameingia tu. Anayeingilia mambo ya nyumba amevuka mpaka bila idhini. Wenye nyumba wakisema "tumeingiliwa usiku", msikilizaji anaelewa kwamba wezi wamevunja mlango. Anayeingilia mazungumzo amedakia maneno ya wenzake. Katika uwanja wa mwili, kumwingilia mtu ni kufanya naye tendo la ndoa, na matumizi haya yamo katika lugha ya kila siku na ya mahakamani pia. Kutokana na hali hiyo, sentensi "aliniingilia" haiwezi kufasiriwa bila muktadha: huenda mlalamikaji anazungumzia eneo lake, kazi yake au mwili wake. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, utata wa aina hii umekuwa na uzito zaidi, kwa kuwa sasa ni vigumu zaidi kuukwepa kwa kukimbilia Kiingereza katika kumbukumbu za shauri.

Katika siasa na sheria Kiswahili kimejitengenezea namna ya kutofautisha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1963 uliweka msingi wa nchi wanachama kutoingilia mambo ya ndani ya nyingine. Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, iliendeleza msingi huo katika ibara ya 4(g), lakini papo hapo, katika ibara ya 4(h), ikaupa Umoja haki ya kuchukua hatua ndani ya nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kiingereza kina vitenzi viwili tofauti kwa mambo haya mawili. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja na kuongeza neno dogo: kuingilia ni kosa, kuingilia kati ni wajibu. Anayeingilia kati husimama baina ya wagombanao. Anayeingilia amevuka mpaka wa mmoja wao. Vilevile Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 18, inatambua haki ya mtu kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Katika matumizi haya yote, uingiliaji pasipo "kati" ni neno la shutuma.

2.3 Mwingiliano

Kiambishi -an- hubadili hali ya mambo. Mwingiliano ni tendo la pande mbili, na shutuma hupungua kwa sababu hakuna tena mwenye mahali na mgeni. Ndiyo maana nomino hii imeweza kutumika kwa mawimbi, kwa masafa ya redio, kwa mahusiano ya jamii, na katika uhakiki wa fasihi kwa umbo la mwingilianomatini. Wepesi huu ndio udhaifu wake pia, maana neno linalofaa kila mahali halibainishi chochote. Zaidi ya hayo, kuutaja usemi wa mzungumzaji wa Kisukuma anayetamka "lafiki" badala ya "rafiki" kuwa ni "mwingiliano" kunadai kwamba Kiswahili nacho kimeingia katika Kisukuma kwa tendo lilo hilo. Mfano huo hauonyeshi jambo hilo.

3.0 Dhana Katika Isimu

Uriel Weinreich, katika kitabu chake cha 1953 kuhusu lugha zinazogusana, ndiye aliyeipa dhana hii nafasi ya kudumu katika isimu. Kwake yeye, jina hilo lilihusu mikengeuko kutoka kaida za lugha yoyote kati ya mbili, inayotokea katika usemi wa mtu mwenye lugha hizo mbili kwa sababu ya kuzijua zote. Mambo mawili katika maelezo yake yamesahaulika mara nyingi. Kwanza, mkengeuko unaweza kutokea katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, ikiwemo ile ya kwanza. Pili, alitofautisha kinachotokea katika usemi wa mtu binafsi na kile ambacho kimekwisha kuwa mali ya lugha, kiasi kwamba hata asiyejua lugha ya pili hukitumia.

Robert Lado (1957) aliipeleka dhana hii darasani. Kwa kulinganisha mifumo ya lugha mbili, alidai, mwalimu anaweza kutabiri mahali mwanafunzi atakapopata ugumu. Ni katika hatua hii ambapo mkengeuko ulianza kuwa sawa na kosa. Pit Corder (1967) alipinga kwa kuonyesha kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga, na Larry Selinker (1972) akaupa mfumo huo jina lake, ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa lugha-kati. Jacquelyn Schachter (1974) aliongeza kwamba lugha ya kwanza huweza kujidhihirisha kwa ukimya: mwanafunzi hukwepa muundo asiouzoea, na hivyo hafanyi kosa lolote la kuhesabiwa.

Wakati huohuo lawama iliyomo katika istilahi yenyewe ilianza kuwakera wataalamu. Michael Clyne (1967) alichagua neno lenye maana ya kuhamisha. Eric Kellerman na Michael Sharwood Smith (1986) walipendelea kusema tu kwamba lugha moja ina ushawishi kwa nyingine. Sarah Thomason na Terrence Kaufman (1988) walibakiza neno la awali na wakatenga aina yake moja, ile ya jamii inayohamia lugha nyingine na kuingia nayo na sifa za lugha yake ya zamani. Kinyume chake, ukopaji ni tukio la jamii inayobaki na lugha yake huku ikipokea vitu kutoka nje. Tofauti hii itahitajika hapa chini.

Katika Tanzania, Abdulaziz Mkilifi (1972) alionyesha kwamba hali ya nchi haiwezi kuelezwa kwa lugha mbili peke yake. Lugha ya jamii, Kiswahili na Kiingereza hugawana majukumu, na mipaka yao hupishana. Kwa hiyo swali la "nini kimeingia wapi" lina pande tatu.

4.0 Mazingira ya Lugha ya Masumbwe

Masumbwe ni mji mdogo katika barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Ushirombo na mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa miaka mingi ulikuwa katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Lugha ya wenyeji ni Kisumbwa, ambacho wenyewe hukiita Sisumbwa kwa kiambishi chake cha ngeli. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie lugha hii ni F23, ikifuatana na Kisukuma (F21) na Kinyamwezi (F22). Uchunguzi wake wa kina umefanywa hasa na Kulikoyela Kahigi, aliyeandika tasnifu ya 1988 kuhusu fonolojia yake ya kihistoria na, mwaka 2008, msamiati wake kwa Kiswahili na Kiingereza katika mfululizo wa Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mgusano wa lugha si jambo jipya hapa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kisumbwa walifika hadi Katanga, ambako Msiri alianzisha dola iliyodumu hadi alipouawa mwaka 1891. Baadaye wafugaji na wakulima wa Kisukuma walisambaa kuelekea magharibi. Dhahabu ilivuta watu wengine. Mgodi wa kikoloni wa Geita uliendelea hadi 1966. Uchimbaji mdogo ulishamiri katika miaka ya 1980 na 1990. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kila habari ya mwamba mpya huleta rashi, na rashi huleta watu wa lugha nyingi ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili.

Kwa hiyo mtu anayesikika akizungumza Kiswahili sokoni Masumbwe huenda ana Kisumbwa kama lugha ya kwanza, au Kisukuma, au Kinyamwezi, au Kiha, au hana lugha nyingine yoyote ila Kiswahili. Katika hali hii maneno "lugha mama" katika umoja yanaficha zaidi ya yanavyofichua.

5.0 Istilahi Zikipimwa

Mifano ifuatayo ni ya usemi unaofahamika vema katika ukanda huu na, kwa baadhi yake, mbali nje ya ukanda.

5.1 Sauti

Kisukuma hakina upambanuzi wa fonimu /r/ na /l/. Mzungumzaji wake huweza kutamka "lafiki" au "balabala". Katika maneno haya hakuna kinachopotea, kwa kuwa Kiswahili hakina neno jingine la kugongana nayo. Ni tofauti na jozi kama kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Hapa sauti moja ikishika nafasi ya nyingine, msikilizaji huweza kupotea kabisa. Chanzo cha matamshi ni kilekile katika makundi yote mawili, lakini matokeo ya kimawasiliano hayafanani.

Kundi la tatu lina fundisho kubwa zaidi. Mzungumzaji huyohuyo huweza kusikika akisema "kurara" kwa kulala, au "karamu" kwa kifaa cha kuandikia. Sauti /r/ haimo katika lugha yake ya kwanza, kwa hiyo haiwezi kuwa imetoka huko. Inatokana na juhudi ya kufuata usanifu: mzungumzaji amejua kwamba Kiswahili kina /r/ mahali ambapo ulimi wake una /l/, na amepanua kanuni hiyo kupita mipaka yake. Kuyaita matamshi haya "athari za lugha mama" ni kumlaumu mzazi kwa kosa la mwalimu.

Aidha, wengi wa ukanda huu hutamka "zahabu" kwa dhahabu na "samani" kwa thamani. Sauti za Kiarabu zinazoandikwa th, dh na gh hazimo katika lugha nyingi za Kibantu, na "zahabu" husikika hata katika Kiswahili cha Kongo. Sifa inayoshirikiwa na wazungumzaji wa lugha nyingi namna hii haiwezi kuhesabiwa kuwa alama ya Kisukuma wala ya Kisumbwa. Hali ya irabu inaonyesha upande wa pili. Kisukuma kina irabu saba na lugha hiyo ina toni, kama ilivyoonyeshwa na Irvine Richardson (1959) na Herman Batibo (1985). Anayetoka irabu saba kwenda tano hapungukiwi na kitu. Kinachosikika ni lafudhi tu.

5.2 Maana: kitenzi kuja

Katika Kisukuma na Kinyamwezi, shina -ja lina maana ya kwenda, na kuja kwa maana ya Kiswahili huelezwa kwa shina -iza. Hivyo mtu aliyeko Masumbwe huweza kusema "Kesho ninakuja Kahama" akikusudia kwamba atakwenda huko.

Mfano huu una sifa ya pekee: kila sauti na kila mofimu ya sentensi hiyo ni ya Kiswahili sanifu. Hakuna kilichokengeuka katika umbo. Zaidi ya hayo, ikiwa anayeambiwa yuko Kahama, sentensi ni sahihi kabisa, maana mwendo ni wa kumwelekea msikilizaji. Hitilafu hudhihirika pale tu wote wawili wanapokuwa Masumbwe. Undugu wa lugha, ambao kwa kawaida humrahisishia mwanafunzi kazi, ndio uliotega mtego. Yeyote anayetafuta mikengeuko kwa kuhesabu maumbo yasiyo sanifu hatauona mfano huu kamwe, ijapokuwa huu ndio unaostahili zaidi jina la uingiliaji: maana ya lugha moja imekaa ndani ya nyumba ya nyingine bila mwenye nyumba kuhisi.

5.3 Sarufi: kiambishi -ga

Hakuna sifa inayotajwa mara nyingi zaidi kuwa alama ya Kiswahili cha kanda ya magharibi kuliko kiambishi -ga cha mazoea. Tazama:

(1) Nasemaga ukweli.
(2) Sisemagi uongo.
(3) Hanaga pesa.
(4) Huwaga anakuja Jumamosi.
(5) Nilikuwaga nachimba Geita.

Asili ya kiambishi hiki haina shaka. Wanaisimu wa Kibantu wamekirejesha hadi lugha mame katika umbo *-ag-, na kimebaki hai katika Kisukuma, Kinyamwezi na lugha nyingine nyingi za Afrika Mashariki, ikiwemo Kikuyu nchini Kenya. Hata hivyo, kujua asili hakutoshi kueleza hali yake ya sasa.

Mfano (2) unafaa kutazamwa kwa makini. Katika ukanushi wa wakati uliopo, Kiswahili hubadili irabu ya mwisho -a kuwa -i: nasema, sisemi. Katika "sisemagi" badiliko hilo limetokea baada ya kiambishi, yaani si-sem-ag-i. Kanuni hii ni ya Kiswahili chenyewe, na kiambishi kimeitii. Mfano (3) unakwenda mbali zaidi: -ga imepachikwa kwenye "hana", ambayo haina mzizi wa kitenzi wa kawaida wa kubeba -ag-. Wazungumzaji wamekwisha kukichanganua upya kiambishi hicho na kukifanya kipande huru cha mwisho wa neno. Mfano (4) unaonyesha kiambishi kikishirikiana na hu-, mshindani wake wa usanifu, katika neno moja.

Kwa nini kimefaulu? Sababu imo katika sarufi ya Kiswahili. Umbo la hu- halichukui kiambishi cha nafsi, wala halina ukanushi wake. Anayesema "sinywi pombe" huenda anakataa glasi iliyo mbele yake, au anaeleza desturi ya maisha yake. Umbo ni moja. Anayesema "sinywagi pombe" ameondoa utata. Kiambishi kimejaza pengo ambalo lilikuwapo. Ndiyo maana kimehama kutoka vinywa vya wenye lugha mbili hadi kwa vijana wa Dar es Salaam ambao hawajui neno hata moja la Kisukuma. Kwa vijana hao hakuna "lugha mama" ya kuwaathiri. Kilichokuwa tukio la usemi wa mtu kimekuwa, kwa mujibu wa tofauti ya Weinreich, mali ya lugha, ingawa bado si mali ya usanifu.

Haidaiwi hapa kwamba mwalimu akubali "sisemagi" katika insha rasmi. Kinachodaiwa ni kwamba sababu anayoandika pembezoni mwa daftari iwe ya kweli. Umbo hilo ni la rejista isiyo rasmi, na mwanafunzi anapaswa kufundishwa lini alitumie na lini aliache.

5.4 Msamiati wa machimbo

Machimboni, shimo la dhahabu huitwa duara, nguzo zinazozuia kuta zake ni matimba, mashine ya kusaga mawe ni karasha, na mahali pa kuchenjulia ni mwalo. Duara ni neno la zamani la Kiswahili lililopanuliwa maana ndani ya Kiswahili. Hakuna lugha ya nje inayohusika. Karasha limetoka Kiingereza na limetoholewa kwa kuchomeka irabu baina ya konsonanti. Wengi wa wanaolitumia hawazungumzi Kiingereza, kwa hiyo si tukio la mtu mwenye lugha mbili. Ni mkopo, kwa maana ya Thomason na Kaufman. Ni kweli kwamba Einar Haugen (1950) alikwisha kuonyesha kasoro ya sitiari hiyo, maana anayekopa lugha haombi wala harejeshi. Lakini istilahi imekwisha kukubalika na haidhuru mtu.

Machimbo yana fundisho jingine kwa waunda istilahi. Mashimo mawili yakikutana chini ya ardhi, ugomvi huzuka juu ya nani ameingia eneo la nani. Huko Mirerani, kwenye machimbo ya tanzaniti, tukio hilo huitwa mtobozano. Wachimbaji hawakuridhika na neno pana la kuingiliana. Walichukua kitenzi toboa, wakakipa usababishi na utendana, wakapata nomino inayotaja tukio moja tu: kutoboleana ukuta. Haidokezi nani mwenye haki, jambo ambalo huachiwa wapimaji na maafisa wa madini. Istilahi ya kitaalamu inapaswa kufanya vivyo hivyo, yaani kutaja tukio na kuiacha hukumu ije baada ya ushahidi.

6.0 Mapendekezo

Neno athari linastahili kuzingatiwa kwanza. Katika Kiarabu asili yake ni alama au unyayo unaobaki. Katika Kiswahili maana hiyo haijafutika, lakini mazoea yameielekeza kwenye madhara: athari za mafuriko, athari za zebaki, waathirika wa maradhi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba lugha yake imeathiriwa husikia habari ya ugonjwa. Uhamishaji nao una kasoro yake: anayehama huacha alikokuwa, ilhali sifa ya lugha inayojitokeza katika nyingine hubaki palepale ilipokuwa. Kwa misingi hii unapendekezwa mgawanyo ufuatao:

(a) Mgusano wa lugha: jina la jumla la hali ambamo lugha mbili au zaidi hutumiwa na watu walewale au na jamii moja.

(b) Uhawilishaji: mzungumzaji kutumia sifa ya lugha moja anapozungumza nyingine, bila kujali kama matokeo ni mazuri, mabaya au hayana uzito. "Lafiki" na lafudhi ya Kisukuma ni mifano yake.

(c) Uingiliaji: ule uhawilishaji tu unaovuruga maana, kama katika "kuja" kwa kwenda au "kalamu" kwa karamu. Shutuma iliyomo katika kitenzi hiki hapa ina haki yake.

(d) Usahihishaji wa kupita kiasi: matumizi kama "kurara", ambayo chanzo chake ni lugha lengwa.

(e) Uingizwaji: sifa kukubaliwa na mfumo wa lugha pokezi na kutii kanuni zake, kama -ga katika "sisemagi". Kauli ya kutendwa inafaa, kwa kuwa lugha pokezi ndiyo iliyofungua mlango.

(f) Ukopaji na utohozi: upokeaji wa maneno, kama karasha.

(g) Mwingiliano wa lugha: ibaki kwa hali ambapo ushahidi wa pande zote mbili umetolewa, kwa mfano, Kiswahili kinapopokea -ga huku Kisumbwa na Kisukuma vikipokea msamiati wa shule, dini na utawala kutoka Kiswahili.

Athari iachwe katika matumizi yake ya jumla, na isitumike kama utambuzi wa kosa la mwanafunzi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba neno la Kiingereza lilianza na picha ya mgongano, kitenzi cha Kiswahili kikaanza na picha ya mpaka, na athari ikaanza na picha ya unyayo. Kila picha huona baadhi ya mambo na kuyafumbia macho mengine. Data ya Masumbwe imebainisha angalau matukio matano tofauti yaliyokuwa yakiwekwa chini ya jina moja, na miongoni mwake ni machache tu yanayoweza kuitwa madhara.

Kazi inayobaki ni kubwa. Upande wa pili wa mgusano, yaani jinsi Kiswahili kinavyobadili Kisumbwa, unahitaji uchunguzi wa haraka zaidi, kwa sababu Kisumbwa kina wazungumzaji wachache kikilinganishwa na Kisukuma na hakitumiki kufundishia shuleni. Katika uhusiano huo, lugha ambayo mpaka wake unavukwa kila siku ni ile ambayo vitabu vya shule vimezoea kuitaja kuwa mwingiliaji.